Zahanati ina jengo jipya, mbona akina mama wanaipita?

Swali: Shikamoo, Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Moshi Vijijini, na tangu mwaka jana ni mjumbe wa Kamati ya Usimamizi wa zahanati yetu. Tuna jengo jipya la wazazi. Timu ya wilaya ilikuja kututathmini, ikasema tunaendelea vizuri. Lakini akina mama wengi bado wanapanda hiace kwenda kujifungulia mjini, hospitali za Mawenzi au KCMC. Nilipouliza kwenye kikao nikajibiwa kuwa uelewa wa jamii ni mdogo. Sisi tusio wataalamu tutajuaje kama kituo chetu kiko sawa? Na tukigundua hakiko sawa, tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kikao kilipokujibu kuwa uelewa wa jamii ni mdogo. Nianzie hapo, maana jibu hilo nimelisikia kwenye vikao vingi mno huku mlimani kwetu, na limetuchelewesha.

Mama mwenye uchungu anayeiacha zahanati ya robo saa kwa miguu, akalipa bodaboda hadi kwenye lami, kisha akapanda hiace hadi mjini ameshika kiuno, huyo uelewa wake haujapungua popote. Tathmini yake amekwisha kuifanya. Amemuuliza shoga yake aliyejifungua mwaka jana, amemsikiliza mama mkwe, amepiga hesabu ya nauli, kisha ameamua. Sisi wenye fomu tunafika nyuma yake. Kwa hiyo swali lako la kwanza, mtajuaje, tayari lina watu wenye jibu kijijini kwenu. Kilichobaki ni kulichukua kwa utaratibu ili kikao kishindwe kulipuuza.

Nieleze kwanza kwa nini timu ya wilaya inaweza kusema mnaendelea vizuri na bado akina mama wakaondoka, bila mtu yeyote kusema uongo.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 lilitoa mchoro wa nguzo sita za mfumo wa afya: utoaji wa huduma, watumishi, taarifa, dawa na vifaa, fedha, na uongozi. Nimeufundisha mchoro huo na bado nauheshimu, kwa sababu unamzuia mtu kudhani kwamba afya ni daktari na dawa basi. Ila una mtego. Mtu akishaziona nguzo sita anaanza kuzihesabu, kila moja anaiwekea alama ya vema, halafu anaaga bila kuuliza kama mvua inaingia ndani. Zamani zaidi, mwaka 1966, daktari Avedis Donabedian huko Marekani aliandika kwamba ubora wa huduma hutazamwa sehemu tatu: vilivyopo, vinavyofanyika, na matokeo yake kwa mgonjwa. Tathmini zetu nyingi zinakwama kwenye vilivyopo. Jengo linahesabika, kitanda kinahesabika. Kinachofanyika saa nane usiku hakimsubiri mkaguzi.

Nikupe kisa. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye timu ya tathmini katika kituo kimoja nisichokitaja. Kwenye chumba cha kujifungulia tukauliza kama wana ambu, kile kibegi cha mpira chenye barakoa ndogo cha kumpulizia hewa mtoto anayezaliwa hapumui. Muuguzi akasema ipo, akatuonyesha ndani ya kabati la kioo. Tukaweka vema. Saa tisa alasiri, tukiwa tunafunga makabrasha, mama mmoja akajifungua mtoto aliyelegea, kimya. Muuguzi akakimbilia kabati, akakuta limefungwa. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wa mwenzake aliyekwenda semina Arusha. Tukamkausha mtoto kwa kitenge cha mama yake, tukamsugua mgongo, tukamsugua tena, na chumba kizima hakuna aliyesema neno. Mtoto akapiga chafya, kisha akalia. Mtoto wa namna ile anatakiwa kusaidiwa kupumua ndani ya dakika ya kwanza, na yule hakuokolewa na kifaa chochote kati ya vile tulivyovihesabu. Kwenye fomu yetu kisanduku kilibaki vilevile: ambu ipo.

Tangu siku ile siulizi "mnayo?" Nasema "naomba uniletee", halafu naangalia saa.

Sisemi tathmini za serikali hazina maana. Mwaka 2015/16 Wizara ya Afya ilipima vituo vya ngazi ya msingi nchi nzima na kuvipa nyota, kuanzia sifuri hadi tano, lengo likiwa asilimia 80 ya vituo vifikie walau tatu. Karibu theluthi moja ya vituo vilipata sifuri. Kwangu ule ulikuwa ujasiri, kwa sababu nchi haikujificha mbele ya kioo. Ziliporudiwa 2017/18, vituo vya sifuri vilikuwa vimebaki vichache sana. Mipango ya kuboresha iliandikwa, vichomea taka vikajengwa, kamati kama yenu zikafufuliwa. Lakini nyota inakueleza hali ya kituo siku wageni walipofika, na ninyi mnaishi nacho siku zote nyingine.

Sasa tazama takwimu za taifa, halafu turudi kijijini. Utafiti wa kitaifa wa kaya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Makadirio ya vifo vya uzazi yana mawanda mapana ya makosa, kwa hiyo usiishike kila tarakimu kama sarafu, ila mwelekeo wenyewe ni wa kushukuru sana. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano navyo vilishuka, kutoka 67 hadi 43 kwa kila 1,000. Lakini vifo vya watoto wachanga, wale wa siku 28 za kwanza, vilitoka 25 vikafika 24. Karibu palepale.

Naomba ukae na namba hiyo kidogo, mwalimu, kwa sababu ndiyo inayoeleza tatizo la zahanati yako. Chandarua unaweza kukigawa. Chanjo unaweza kuipanga kwa kampeni, mtoto akaletwa siku ya kliniki mchana kweupe. Lakini mtoto anayezaliwa amechoka anahitaji mikono inayojua la kufanya, iliyopo pale, saa ile ile, na ambayo imelifanya jambo hilo karibuni. Huwezi kuipakia mikono hiyo kwenye lori ukaishusha zahanati. Hapo ndipo nguzo zote sita zinakutana kwenye dakika moja, na iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua.

Jirani zetu wa Haydom, kule Mbulu mkoani Manyara, walitufundisha jambo hapa. Walitoa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua, kwa kutumia mwanasesere. Wauguzi wakafaulu vizuri sana kwa mwanasesere, lakini walipofuatiliwa kwenye chumba cha kujifungulia, kazi yao haikuwa imebadilika, wala vifo havikupungua. Wangeweza kuishia hapo wakaandika ripoti kwamba watumishi wamejengewa uwezo. Wao wakabadili njia: mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini, mwanasesere akiwa karibu na kitanda chenyewe. Vifo vya saa 24 za kwanza vikapungua. Baadaye njia hiyo, pamoja na vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo ya mtoto tumboni na utaratibu wa kila hospitali kutazama takwimu zake yenyewe, ilipelekwa katika hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ikafuatilia karibu vizazi 300,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya akina mama vimepungua kwa karibu robo tatu, na vya watoto wa siku ya kwanza kwa asilimia 40. Nikisikia kamati inapanga bajeti ya semina ya siku tatu hotelini, huwa nawasimulia Haydom.

Haya, ninyi mfanye nini.

Omba mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alete kwenye kikao kitabu namba 12 cha MTUHA, ule mfumo wa kutunza taarifa za huduma za afya; ni kile cha wodi ya wazazi. Usikishike wewe wala usisome majina, kwa sababu ni siri za wagonjwa na wewe ni jirani yao. Mwambie akusomee kitu kimoja tu, saa ya kuzaliwa ya kila mtoto kwa miezi sita iliyopita. Wewe chora mstari wa saa 24 kwenye karatasi, kama unavyowachorea watoto wa darasa la tatu, uweke nukta kwa kila mtoto. Watoto hawazaliwi kwa saa za ofisi. Kama nukta zimerundikana kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri na usiku wote ni mweupe, umepata jibu ambalo jengo jipya lilikuwa linalificha: usiku zahanati yenu haipo. Labda mkunga anaishi Moshi mjini kwa sababu hakuna nyumba ya mtumishi. Labda yuko mmoja peke yake na mwili wake umechoka. Labda sola ya chumba kile iliharibika na anazalisha kwa tochi ya simu. Akina mama wanalijua hilo kwa jina na kwa tarehe, na ndiyo sababu wanaondoka mapema, kungali na hiace barabarani.

Kwenye dawa, usiulize kama zipo leo. Uliza kwenye leja, ndani ya siku 90 zilizopita, ni siku ngapi oksitosini haikuwapo kabisa. Hii ndiyo sindano ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, na kuvuja damu ni muuaji mkuu wa akina mama wazazi. Halafu uliza inakaa wapi. Oksitosini inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kama chanjo. Ikikaa juu ya meza kwenye joto inapoteza nguvu huku rangi yake haibadiliki, na muuguzi ataichoma kwa imani kamili wakati ndani hamna kitu. Nimeona friji la chanjo linalong'aa, lenye karatasi ya joto iliyojazwa asubuhi na jioni bila kuruka siku, na hatua mbili pembeni yake oksitosini imewekwa dirishani penye jua. Hakuna aliyekuwa mzembe pale. Friji lilikuwa la mpango wa chanjo, na hakuna aliyewaambia kuwa ruhusa ipo ya kuiweka humo. Kikwazo kama hicho kinaondolewa kwa mazungumzo ya asubuhi moja. Pale Bohari ya Dawa inapokosa bidhaa, utaratibu wa Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na sasa uko nchi nzima, unakiruhusu kituo kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyechaguliwa na mkoa. Mwulizeni mfawidhi mara ya mwisho aliutumia lini, na ilichukua siku ngapi.

Halafu rufaa. Ninyi mnajua barabara zenu za masika, zile ambazo hata Land Cruiser inaomba kusukumwa. Kuna namba 115 ya m-mama, ya bure, ya kuita usafiri wa dharura kwa mama mjamzito, mzazi au mtoto mchanga. Wataalamu tuna msemo wa machelewesho matatu: la kuamua nyumbani, la njiani, na la kupata huduma ukishafika. Chukueni rufaa tatu za mwisho mziandike kwa saa: simu ilipigwa saa ngapi, gari lilifika saa ngapi, mama alipokelewa saa ngapi. Hapo mtaliona chelewesho lenu ni lipi. Dakika zilizopotea hazisahihishwi na bango la uhamasishaji.

Kuna jambo jingine ambalo fomu huwa zinaliandika kwa haya, nalo ni mdomo. Mama aliyefokewa kwenye uchungu, au aliyeambiwa arudi dukani kununua glavu na wembe wakati huduma ya uzazi ni bure kisera, hatakaa kimya. Atalisema kwenye kikoba, atalisema sokoni Kiboriloni, na jengo lolote mtakalojenga halitamfikia sikioni kabla ya maneno yale. Simlaumu muuguzi aliyefokea bila kumuuliza amelala saa ngapi usiku ule. Lakini kamati ina haki ya kumuuliza yote mawili, na kumuuliza kwa staha, maana ni mtumishi wenu na mnamhitaji abaki.

Nikuambie pia jambo ambalo huenda halitakufurahisha. Si kila mama anayeipita zahanati yenu anakosea. Aliyezaa kwa upasuaji, mwenye mapacha, mwenye presha, huyo anatakiwa hospitali, na mkimzuia mtakuwa mmemhatarisha. Na hata kwa wengine, zahanati inayozalisha akina mama wawili kwa mwezi itapata tabu kuitunza ile mikono niliyoisema, labda wafanye mazoezi ya mwanasesere kila wiki bila kuchoka. Wenzangu kadhaa wanaona bora uzazi ukusanywe kwenye vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji, na zahanati ibaki na kliniki ya wajawazito, chanjo, presha, sukari, na usafiri wa uhakika. Mimi bado naamini mkunga mzuri wa karibu anaokoa maisha, hasa huko juu kwenye vijiji vyenu mvua inapokata njia. Lakini hesabu yenu ikionyesha kuwa usiku hamtaweza kuwa na watu wawili waliofundishwa, basi kupanga kwa uwazi nani aende wapi, lini na kwa gari gani ni uimarishaji halali kabisa. Kibaya ni kuitangaza huduma isiyokuwapo. Na mzigo wake unaanguka KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda tangu 1971, ambako vitanda vinajaa uzazi wa kawaida na mama anayevuja damu anapokewa kwenye msongamano.

Kuhusu fedha sitakaa sana, ila mjue mamlaka yenu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na mpango wa matumizi unapita kwenye kamati yenu. Zamani mlikuwa mnaomba wilayani, leo mnaamua. Miaka ya 1990 mwishoni, wilaya za Rufiji na Morogoro zilipewa zana rahisi za kulinganisha bajeti yao na magonjwa yaliyokuwa yanaua watu wao kweli. Zikakuta fedha zinakwenda upande mmoja na vifo viko upande mwingine. Zikahamisha fedha, zikaongezewa kiasi kidogo, chini ya dola moja kwa mtu kwa mwaka, na ndani ya miaka michache vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mambo mengine yalikuwa yanabadilika wakati ule, kwa hiyo siwezi kuipa bajeti sifa yote. Lakini bajeti iliyofuata vifo ilikuwa sehemu yake, na zana yenyewe ilikuwa karatasi na watu waliokaa pamoja wakaitazama.

Basi chagueni kitu kimoja kwa robo mwaka, kile ambacho karatasi yenu ya nukta imekionyesha. Kama ni nyumba ya mtumishi, huku kwetu tunajua msaragambo, ile kazi ya kujitolea ya kijiji kizima. Shule nyingi za mlima huu zilipanda hivyo, mawe kichwani, ndizi na mbege vikisubiri jioni. Kama ni sola, iingie kwenye mpango. Kama ni ufunguo wa kabati, upigilieni msumari ukutani leo. Akija mfadhili na mradi, mpokeeni vizuri, kisha mwulizeni nani atalipa na nani ataifanya kazi hiyo akishaondoka. Mwaka 2025, fedha za Marekani ziliposimama ghafla, tuliona kazi zilivyobaki bila mwenyewe.

Na kabla ya kikao chenu kijacho, nenda zahanati siku ya chanjo. Fika saa moja asubuhi, ukae kwenye benchi kama mtu mwingine yeyote. Wale akina mama waliojifungulia mjini watakuwapo, kwa sababu mtoto akifikisha wiki sita wanamrudisha kwenu kuchanjwa. Hawajaisusa zahanati. Mchana wanaiamini. Kaa karibu na mmoja wao, mshikie mtoto, na ukiona ametulia mwulize: usiku ule uchungu ulipoanza, nani alikuambia uende mjini, na alikuambia nini? Liandike jibu kama alivyolisema, kwa maneno yake, bila kulisahihisha Kiswahili. Wakifika watano, nenda kayasome kikaoni.